Mkate Uliong'atwa

3 Aprili

Leo tumesafisha mfereji. Kila nyumba ya Poyrud ilitoa mtu mmoja na jembe moja. Nyumba yetu ilinitoa mimi, kwa kuwa mwanangu Nozim yuko Urusi anapaka rangi nyumba za watu. Nina miaka sabini na minne. Vijana waliniachia kipande kifupi chenye kivuli. Nilikasirika, kisha nikashukuru.

Kila mwaka siku kama hii naanza daftari jipya la msimu wa maji: hali ya hewa, zamu, vitunguu. Ni tabia ya mwalimu wa biolojia aliyestaafu, aliyebaki na kalamu nyekundu bila kazi za kusahihisha.

Mchana tulikula pilau ukingoni. Wakabishana udongo wa wapi ni mzito zaidi. Rajabali, ambaye nilimfundisha na sasa ndiye anayesikilizwa na wanaume wa kijiji, akasema, "Muulizeni wa mlimani. Kwao udongo walikuwa wanaubeba mgongoni kama mtoto." Wakacheka, nami nikacheka. Nilishushwa kutoka mlimani kwa lori la serikali nikiwa na miaka kumi na mmoja. Nimezika wazazi wangu hapa, nimeoa hapa, nimewafundisha kusoma wote waliokuwa wanacheka. Bado ni wa mlimani.

11 Aprili

Mvua ya mawe. Maua ya aprikoti yamepukutika yote.

20 Aprili

Zamu zimepangwa. Siku tatu Navdara, kijiji cha juu. Siku nne sisi, kwa kuwa sisi ni wengi. Lango la kugawa maji liko upande wao, ng'ambo ya kidaraja cha miti, na mlinzi wake ni Yodgor, mwana pekee wa Mama Oyniso. Ni mtu mrefu wa miaka thelathini hivi, anatumia mkono wa kushoto. Salamu yake haina haraka.

"Aliye juu hunawa kwanza," mke wangu Sabohat alisema. Anasema hivyo kila mwaka.

9 Mei

Baridi imekataa kuondoka. Kilele ni cheupe mpaka kiunoni. Theluji isipoyeyuka, mto hauna cha kutoa. Niliwaambia hivyo kwenye nyumba ya chai. Mzee mmoja akanijibu, "Mwalimu, theluji haina ugomvi na mtu. Watu ndio wana ugomvi."

15 Mei

Zamu yetu. Maji yamefika kifundo cha mguu.

16 Mei

Kifundo.

17 Mei

Chini ya kifundo. Ndugu wawili, tumbo moja, wamepigana kwa ajili ya nusu saa ya maji. Mmoja ametema meno mawili kwenye mtaro. Mwingine aliyaokota, akamrudishia.

22 Mei

Alfajiri nilipanda kwenda kuona kwa nini maji hayaji. Nilipofika kwenye mforosadi wa mwisho, kama hatua mia mbili kutoka langoni, nilimwona Yodgor. Jua lilikuwa linachomoza nyuma yake. Alikuwa ameinama juu ya lango, mikono yote miwili chini. Mgongo ukavutika, akanyanyuka, akainama tena. Nikageuka nikarudi.

Kwenye nyumba ya chai nilisema nimemwona Yodgor langoni, siku ya zamu yetu.

"Anafanya nini?" Rajabali aliuliza.

"Anashusha ubao wa lango, anatufungia maji."

Sikusema "nadhani". Naandika hili kwa makusudi.

Waliwaka kama majani makavu. Mzee mmoja akataka tuwatume watu wawili waende kuuliza kwa adabu. Rajabali akamgeukia, lakini aliyekuwa akisema naye ni mimi.

"Mwalimu, darasa la saba ulitufundisha nini? Majani yakitikisika, kuna babu mmoja alisema ni chui, akakimbia. Mwingine akasema tungoje tuone. Sisi ni wajukuu wa nani?"

"Wa aliyekimbia," nilisema.

"Na yule aliyengoja?"

"Aliliwa kabla ya kuzaa."

Wakacheka. Nilijisikia kama niko tena mbele ya darasa, na darasa limeelewa.

Kisha wakaleta mkate mzima kutoka tanurini, nikaweka kiganja changu juu yake, nikaapa kuwa nilimwona Yodgor akishusha ubao. Mkate ulikuwa bado wa moto. Rajabali akaniwekea mkono begani, akawaambia wote, "Sikilizeni. Huyu ni wetu."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama kijana. Sabohat akanitazama.

"Umekula nini leo, Baba Nozim?"

"Mbona?"

"Una uso wa bwana harusi."

23 Mei

Wanaume wa kijiji walipanda langoni, wakaniambia nisiende. Nilikwenda, nyuma yao kidogo.

Walikuwa kumi na wanne. Yodgor alikuwa amekaa nje ya kibanda cha lango anakunywa chai. Alipowaona akasimama, akaweka mkono kifuani, akawasalimu.

"Maji yetu yako wapi?" Rajabali aliuliza.

"Mtoni, kaka. Kayaulizie huko, mimi mwenyewe nayasubiri."

Ubao wa lango ulikuwa juu. Wote waliuona. Mtu mmoja akasema, "Lakini uko juu." Rajabali akasema, "Ameuinua alipotuona. Tazameni ujanja wake." Nao wakatazama, wakauona ujanja.

Pigo la kwanza lilikuwa la bapa la jembe, kwenye sikio. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu anayefunga kabati. Yodgor hakuanguka. Aliinua mkono wa kushoto, si kupiga, kama mwanafunzi anayeomba kusema. La pili lilivunja mkono huo. Kisha sikuweza kuhesabu. Walimpiga kwa mipini, walimpiga kwa mateke. Mmoja alitumia birika la chai la Yodgor mwenyewe, maji yakamwagika usoni mwake yangali moto. Ilhom, mdogo wake Rajabali, baba wa mapacha, mtu mpole anayefuga nyuki, alirukaruka juu ya magoti ya Yodgor kama mtu anayekanyaga udongo wa matofali. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na bidii.

Niliujua kila mkono pale. Niliwahi kuishika mmoja mmoja, nikaielekeza jinsi ya kuandika herufi.

Mama yake alikuja akikimbia bila viatu. Walimwachia mwanawe. Mmoja akamsalimu kwa kichwa alipompita, maana ndivyo tunavyompita mwanamke mzee.

Jicho la kushoto la Yodgor lilikuwa limetoka mahali pake.

24 Mei

Jirani ametuletea maziwa ya mgando. Hajawahi.

25 Mei

Maji chini ya kifundo, vilevile. Hakuna aliyelisema hili. Wameniletea cheri za kwanza.

28 Mei

Leo nimekwenda langoni peke yangu, ili kujithibitishia kuwa nilikuwa sahihi. Hakuna mtu anayekwenda kutazama kwa sababu nyingine.

Kando ya lango, upande wa mfereji unaoshuka kwetu, kuna rundo la magugu maji. Nililipita siku ile ya kipigo bila kuliona. Nimepiga magoti, nikalifungua kama tulivyokuwa tukifungua darasani. Juu yamekauka na kuwa kahawia. Katikati bado yana unyevu na harufu. Chini kuna konokono wamekufa ndani ya magamba yao, hawajaoza. Kwa baridi hii ni rundo la siku sita. Mafungu yake ni ya ukubwa mmoja, ukubwa wa kinachobebwa na mikono miwili ya mtu anayeinama, kuvuta, kunyanyuka.

Anayetaka kuwanyima watu maji hawasafishii mlango.

Nilikuwa nimeona mgongo na jua. Yaliyobaki niliyaleta mwenyewe: ubao, nia, uadui. Nilifundisha miaka thelathini na minane kwamba akili ya mtu ilichongwa na hofu ya wale waliobaki hai, na kwamba ilipoanza kusema ilijifunza uwakili kabla ya uhakimu: kwanza kuwashinda wengine kwa maneno, na kuwa upande wa watu wake. Nilidhani kujua hivyo kunatosha kumtoa mtu ndani ya kundi. Ni kama daktari anayedhani malaria haimpati kwa kuwa anajua jina lake.

Na hata somo lenyewe nililifundisha nusu. Babu yule aliyekimbia, mara tisini na tisa alikimbia upepo. Hakupoteza kitu ila pumzi. Sikuwaambia kamwe hesabu inakuwaje ikiwa kwenye majani yupo mtu, nasi hatukimbii bali tunarusha mkuki.

Nitawaambia kesho.

29 Mei

Sikuwaambia. Rajabali alikuja na asali ya Ilhom. Aliniita baba.

30 Mei

Joto kidogo. Nimepalilia vitunguu.

31 Mei

Wamemuua Ilhom. Alikuwa kwenye mizinga yake mchana kweupe, karibu na kidaraja. Walishuka watu wa Navdara, wakamfunika kichwa kwa kofia yake ya nyuki, wakamchoma kwa uma wa nyasi mara nyingi. Mizinga waliipindua. Nyuki walikuwa wamemjaa kifuani tulipofika, wanatembea juu ya damu, nasi tukasubiri kwa mbali watuachie mtu wetu.

Siku tatu tangu nilipojua. Asali yake iko kwenye rafu yetu.

1 Juni

Tumemzika. Mapacha wana miaka minne. Mmoja aliniuliza kama nyuki wataendelea kufanya kazi.

2 Juni

Mkutano ulikuwa saa nne asubuhi. Uamuzi ulikuwa umekwishafanywa: kesho kutwa alfajiri, mafuta ya taa na kiberiti, waanze na nyumba ya Mama Oyniso kwa kuwa ndiyo ya kwanza baada ya kidaraja. Ndani yake amelala Yodgor, ambaye hawezi kutembea.

Nilisimama, nikaomba mkate. Wakafikiri nataka kuapa tena. Nikaweka kiganja, nikasema, "Niliapa uongo juu ya hiki. Alikuwa anang'oa magugu. Rundo liko pale, nimelipima kwa konokono wake, ni la siku ile ile; nendeni mkaone. Alikuwa anatusafishia."

Mtu mmoja akasema, "Magugu yanawekwa na yeyote." Mwingine: "Waliyaweka wao baadaye." Mwingine: "Mlimani na juu ni jirani, damu imemrudia." Kila mmoja alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa na akili ndani yake. Nimewahi kutoa alama kwa sababu mbovu kuliko zile.

Rajabali alisubiri wote wamalize. Hajalala tangu jana, macho yake yalikuwa kama ya samaki sokoni.

"Ulijua lini?" aliniuliza.

"Tarehe ishirini na nane."

"Ilhom amekufa tarehe thelathini na moja."

"Ndiyo."

"Tarehe ishirini na tisa nilikuletea asali."

"Ndiyo, Rajabali."

Alinipiga ngumi moja ya mdomo. Jino la mbele likatoka lote na mzizi wake. Nililiokota kwenye zulia. Hakuna aliyenishika nisianguke, na hakuna aliyemzuia.

"Hata kama alikuwa anang'oa magugu," alisema, "wamemuua mdogo wangu. Utarudisha nini na konokono wako?"

Nilitia jino mfukoni, nikarudi nyumbani.

3 Juni

Nimemwambia Sabohat kuwa nakwenda kukaa kwa Mama Oyniso. Nikiwa mlangoni mwake, wakitaka kuichoma nyumba ile itabidi wanichome na mimi.

"Na wakikuchoma?"

"Basi nitajua kama mimi ni mtu wao."

"Miaka sitini na mitatu, Baba Nozim, na bado unataka cheti." Alikuwa analia, lakini hakuacha kukanda. Alioka mkate, akaupoza, akanishikia mbele ya mdomo, kama afanyavyo kwa Nozim akienda safari. Msafiri anang'ata mara moja, mkate unatundikwa ukutani, naye hurudi kuumaliza. Niling'ata. Jeraha lilivuja, mkate ukashika damu kidogo ukingoni. Alama ya meno ilikuwa na pengo katikati.

Bibi yangu naye alitundika mkate wangu, siku ya malori. Ukuta ule ulianguka, nafikiri, kabla sijaota ndevu.

Nimevuka kidaraja saa saba mchana. Wanaume watatu wa Navdara walinikamata. Mmoja alinikaba shingo, akauliza anikate au anirushe mferejini. Mama Oyniso alitoka.

"Mwacheni."

"Ndiye aliyeapa, mama."

"Namjua. Mwacheni. Nikimkosa huyu nitamchukia nani?" Akanitazama mdomo. "Umekuja kutazama kazi ya ulimi wako?"

"Nimekuja kukaa mlangoni pako, mpaka wapite."

"Kaa. Chai hupati."

Ninaandika nikiwa nimekaa kizingitini. Ndani, Yodgor anapumua kama msumeno.

4 Juni

Naandika jioni. Nitaandika yote kwa utaratibu.

Walikuja kulipopambazuka, watu hamsini au zaidi, majembe mabegani, madumu matatu. Watu wa Navdara walikuwa upande huu na uma za nyasi na bunduki moja ya kuwindia. Kidaraja ni cha mtu mmoja mmoja. Rajabali alikuwa mbele. Alisimama kwenye ubao wa kwanza.

"Mwalimu, toka hapo."

"Sitoki."

"Uko upande gani?"

"Niko mlangoni."

"Nitahesabu mpaka tatu. Wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu, kwa hiyo sitakosea."

Alihesabu moja. Jiwe likatoka nyuma yake, likanipata mkono juu ya kiwiko, nikasikia mfupa. Risasi ya bunduki ya kuwindia ikajibu, ikamkata mtu mmoja wa Poyrud shavu. Akahesabu mbili. Watu wakasukumana kuelekea kidaraja, na mimi nikafunga macho. Nilipofungua nilimwona Sabohat.

Alikuwa amepita katikati yao wote. Ni mwanamke mfupi, walimpisha bila kujua wanampisha. Alikuwa na kitambaa cha mezani mikononi. Alimpita Rajabali, akapiga magoti katikati ya kidaraja, akatandika kitambaa, akaweka juu yake mkate wangu ulioning'inia ukutani tangu jana. Ulijaza upana wa kidaraja.

"Mama, ondoa," Rajabali alisema.

"Mwenyewe yuko pale, hajarudi. Mkate wake huu. Piteni."

Akasimama, akarudi pembeni, akakunja mikono.

Hakuna mtu wa bonde hili anayekanyaga mkate. Hakuna anayeuruka. Kombo la mkate likianguka barabarani, mlevi huliokota, akalibusu, akaliweka juu ya ukuta. Watu hawa walikanyaga magoti ya mtu kama udongo wa matofali. Nilikuwa nimewapa magugu, konokono, idadi ya siku, na kiapo, na kila kimoja walikivuka bila kuinua mguu. Sasa walisimama. Wa nyuma walisukuma, wa mbele wakasukuma kurudi nyuma ili wasiukanyage. Dumu moja likamwagika. Mtu akasema, "Hebu, mkate, angalieni, mkate," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama yuko nyumbani kwake.

Rajabali alitazama chini. Najua alichokuwa anaona: alama ya meno yenye pengo, na damu iliyokauka kwenye pengo. Pengo lile lilikuwa lake.

Mkate hauokotwi kwa mkono mmoja. Aliliweka jembe lake chini, kwenye mbao, akapiga magoti, akauokota kwa mikono miwili, akaubusu, akaugusisha na paji la uso. Kisha akabaki vile vile, mkate usoni, mabega yakimruka. Nyuma yake majembe yakaanza kushuka mabegani, moja hapa, moja pale. Si yote. Mengine yalirudi nyumbani juu ya mabega, nami sijui kesho yataamka wapi.

Mama Oyniso alinifunga mkono kwa vijiti viwili vya mforosadi. Akanipa chai.

"Si yako," alisema. "Ya mkeo."

9 Juni

Joto, hatimaye.

13 Juni

Mto umepanda usiku mmoja. Maji ni ya rangi ya maziwa, ya theluji. Yamefika mapajani, zamu yao na yetu. Hakuna aliyeinua ubao na hakuna aliyeushusha.

Nimebaki Navdara. Namgeuza Yodgor kila baada ya saa nne, kwa mkono wangu mmoja na miwili ya mama yake, asipate vidonda.

21 Juni

Leo Yodgor ameongea. Jicho limebaki moja, nalo limenitafuta mpaka likanipata.

"Mwalimu. Wanasema ni wewe uliyeniona."

"Ni mimi."

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Kwenye mforosadi wa mwisho."

Alifikiri. Alikuwa anapima umbali; ni kazi yake.

"Pale sauti inafika," alisema. "Mbona hukuniita?"

30 Juni

Nimerudi Poyrud. Vitunguu vimepona nusu. Mtu mmoja amenisalimu, wengine wamegeuza nyuso. Kwenye mizinga ya Ilhom, Rajabali alikuwa anawafundisha mapacha kuwafukizia nyuki moshi. Hakuniona, au aliniona.

Mkate uko ukutani, mgumu kama tofali. Sabohat ameuloweka ukingo kwenye chai, akanisogezea.

"Maliza basi, umerudi."

Nimemwambia autundike tena.